Dawa, Ramli na Mkono wa Jirani: Tiba za Jadi Zinapoingia Kliniki za Ulimwengu

Mwezi Juni 2025 jimbo la Texas, nchini Marekani, lilipitisha sheria inayotenga dola milioni 50 kwa ajili ya utafiti wa dawa iitwayo ibogaini. Dawa hiyo hutolewa katika mizizi ya iboga, kichaka cha misitu ya Gabon na nchi jirani za Afrika ya Kati, ambako kwa vizazi vingi wazee wa mila ya Bwiti wameitumia katika kuwaingiza watu kwenye mila, kuwakumbuka wahenga na kuponya wagonjwa. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wamechapisha, katika jarida la Nature Medicine, habari za askari wastaafu 30 wa Marekani waliopewa dawa hiyo nchini Mexico. Mwezi mmoja baadaye, dalili zao za kiwewe, sonona na wasiwasi zilionekana kupungua sana. Kabla ya hapo, tarehe 1 Julai 2023, Australia iliwaruhusu madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wenye kibali maalumu kutumia dawa mbili za kundi hilo hilo: MDMA kwa wenye kiwewe, na silosibini, inayopatikana katika aina fulani za uyoga, kwa wenye sonona isiyosikia dawa za kawaida.

Dawa hizi huitwa saikedeliki. Hubadili hali ya fahamu kwa saa kadhaa: mtu huona maono, hukumbuka mambo aliyoyazika moyoni, na huguswa na hisia nzito za hofu, huzuni au furaha. Baadhi zimezaliwa maabara, MDMA ikiwa mfano. Nyingine zimetoka katika mikono ya waganga wa jadi na mashamani, yaani waganga wa mila wanaoaminiwa kusafiri katika ulimwengu wa roho kwa ajili ya mgonjwa. Ndiyo maana wapo waliozipokea habari hizi kama hukumu ya kesi ya siku nyingi: sayansi imekubali, mganga alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Je, hivyo ndivyo? Swali hili linastahili kutazamwa kwa utulivu na kwa mwanga wa imani, kwa sababu jibu lake linagusa maisha ya watu wetu kuliko linavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza.

Kwa nini jambo hili lituhusu

Muumini wa Ngerengere anaweza kudhani kwamba Texas na Australia ni mbali mno. Lakini habari husafiri upesi kuliko treni mpya ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inasimama Ngerengere ikiwa njiani kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Kijana akisikia kwamba mimea inayolevya akili sasa ni tiba huko ng'ambo, hatangoja ufafanuzi wa daktari. Katika mkoa ambao vyombo vya dola vimekuwa vikipanda milimani na kuingia mabondeni kuteketeza mashamba ya bangi, ni rahisi mno kwa mtu kujihesabia haki kwa maneno mawili: hii nayo ni dawa.

Ipo pia sababu ya ndani zaidi. Ngerengere ni mji wa reli, wa mkonge na wa jeshi. Watanzania wamelinda amani Darfur, Lebanon na mashariki ya Kongo, na tarehe 7 Desemba 2017 zaidi ya kumi kati yao waliuawa Kongo katika shambulio moja. Wanaorudi salama mwilini si lazima wote wawe salama moyoni. Vivyo hivyo mama aliyefiwa na watoto, kijana aliyenusurika ajali, mzee aliyenyang'anywa shamba na ndugu zake: majeraha yao hayaonekani kwa iksirei. Wagonjwa hawa wa Stanford wanafanana na watu tunaokaa nao benchi moja kanisani.

Watu hao huenda wapi wanapozidiwa? Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha waliohudhuria zahanati na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Miongoni mwa waliokwenda zahanati, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama vile sonona na wasiwasi. Miongoni mwa waliokwenda kwa waganga, walikuwa asilimia 48. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya waliobisha hodi kwa mganga walikuwa na jeraha la moyo. Wachungaji wa roho wanapaswa kulitafakari jambo hili kabla ya kunyosha kidole.

Kinachotokea ndani ya chumba cha tiba

Turudi kwenye habari zenyewe, maana mara nyingi hufika kwetu zikiwa nusu. Kwanza, mambo bado hayajakamilika. Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha MDMA kwa wenye kiwewe na kutaka utafiti zaidi. Utafiti wa ibogaini wa Stanford ulikuwa wa watu 30 tu, tena bila kundi la kulinganisha nalo. Ibogaini yenyewe inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na vifo vimeripotiwa. Ndiyo sababu askari wale walipewa pia magnesiamu ili kuulinda moyo, na kuangaliwa kwa karibu muda wote. Hii si dawa ya kuchemsha nyumbani.

Pili, na hili ndilo la msingi, dawa hizi hazitolewi kama vidonge vya malaria. Katika majaribio mengi ya MDMA na silosibini mgonjwa huandaliwa kwanza kwa mazungumzo ya siku kadhaa. Siku ya dawa, kwa kawaida watabibu wawili hukaa naye chumbani saa sita hadi nane bila kumwacha. Baada ya hapo hurudi mara kadhaa ili kusaidiwa kuelewa aliyoyaona na kuyaingiza katika maisha yake. Wengi wa watafiti wanakubali kwamba matokeo hutegemea pia hali ya moyo wa mgonjwa, mahali alipo na watu walio pembeni yake.

Hapo ndipo hekima ya watu wa kale inapoonekana. Mzee wa Bwiti hampi mtu iboga na kuondoka. Kuna maandalizi, kuna nyimbo na kinubi usiku kucha, kuna wazazi wa mila wanaomwangalia mgeni asipotee, na kuna kijiji kinachompokea asubuhi akiwa mtu mpya kati yao. Kliniki za leo zinajifunza upya, kwa gharama kubwa, kile ambacho vijiji vilikijua: mti peke yake hauponyi. Anayeponya ni nani, anakaa na nani, na mgonjwa anarudi kwa nani, ni sehemu ya dawa.

Historia ya mwanamke mmoja Mkatoliki inaonyesha kinachotokea mambo hayo yanapotenganishwa. María Sabina alikuwa mganga wa kabila la Wamazateki katika mji wa Huautla de Jiménez, Mexico. Alikuwa mwanaparokia, na katika usiku wa uponyaji aliwataja watakatifu pamoja na roho za milima. Mwaka 1955 Mmarekani R. Gordon Wasson, aliyekuwa mtu wa benki na mpenzi wa elimu ya uyoga, alikaribishwa katika ibada yake. Mwaka 1957 akaisimulia katika jarida la Life. Wageni wakamiminika mjini kwa mamia. Amani ya mji ikaharibika, wenyeji wakamlaumu María, nyumba yake ikachomwa moto. Alifariki mwaka 1985 akiwa maskini. Alikumbusha kwamba kabla ya wageni kufika, uyoga ulitumika kwa ajili ya wagonjwa tu. Wageni walikuja wakiwa wazima, wakitaka kumwona Mungu. Kwake, tangu siku hiyo, uyoga ulipoteza nguvu.

Maneno ya mwanamke huyo, asiyejua kusoma wala kuandika, yanafaa kupimwa na kila anayetaka dawa za maono bila ugonjwa.

Uluguru na kumbukumbu zake

Katika milima yetu uponyaji wa moyo ulijulikana zaidi kwa ngoma, mafusho, maombi ya wahenga na kikao cha ukoo kuliko kwa mimea ya maono. Mtu aliyesemwa kuwa na pepo alipungwa kwa ngoma hadi apandishe, aseme kilichomsumbua, na jamaa wasikie. Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hawakuutazama ugonjwa kama shauri la mtu mmoja. Mgonjwa akiuguza moyo, ukoo wote ulijiuliza: nani amekosana na nani? Tambiko gani limeachwa? Deni gani halijalipwa?

Kulikuwa na hekima ndani yake, na kulikuwa na hatari. Historia ya mapango ya Kolelo, mahali ambapo watu wa Uluguru na hata wa mbali walikwenda kuomba mvua na mavuno, inabeba yote mawili. Mahali hapo palikusanya watu wenye njaa na hofu, pakawapa tumaini. Lakini mwaka 1905, katika vuguvugu la Maji Maji, imani katika dawa iliyosemwa kuzigeuza risasi kuwa maji iliwapeleka watu maelfu mbele ya bunduki za Wajerumani. Walikuwa na haki ya kukataa dhuluma. Dawa haikuwa na uwezo walioambiwa inao.

Kizazi chetu nacho kina kumbukumbu yake. Mwaka 2011 barabara ya kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Watu kutoka kila pembe ya nchi, na hata nje ya nchi, walikwenda kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 kutoka kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kama Babu. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba dawa hiyo haifanyi kazi isipotolewa na mkono wake mahali pale. Hata yeye, kwa namna yake, hakuamini kwamba mti unaponya peke yake. Walikuwamo Wakatoliki wengi katika msururu ule. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakidhani wamepona. Babu alifariki Julai 2021, lakini swali lililowapeleka watu Samunge lingali hai.

Kupambanua mambo manne

Mama Kanisa hatufundishi kuvitupa vyote, wala kuvipokea vyote. Hutufundisha kupambanua. Katika tiba za jadi, zikiwa za Gabon, Mexico au Uluguru, kuna mambo manne ambayo mara nyingi hufungwa katika furushi moja. Ni lazima tulifungue furushi hilo.

La kwanza ni mti wenyewe. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziotesha dawa katika ardhi na kwamba mwenye busara hazidharau. Kanisa halina ugomvi na jani, gome wala mzizi. Nchi yetu nayo ilianza kuzichunguza dawa hizo mapema: kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa mwaka 1974, nacho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga na kusimamia kazi zao. Mganga wa mitishamba aliyesajiliwa, anayejua mpaka wa ujuzi wake na kumpeleka hospitali asiyemweza, ni ndugu katika kazi ya kuhudumia uhai.

La pili ni ramli. Hapa Kanisa husema wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2116 na 2117) inakataza uaguzi na uchawi wa kila namna, na inaongeza jambo linalotuhusu moja kwa moja: tiba ziitwazo za jadi haziwezi kuhalalisha kuita nguvu za uovu wala kuwanyonya watu kwa sababu ya wepesi wao wa kuamini. Katazo hili halitokani na dharau kwa Afrika. Sisi wenyewe tumeyaona matunda ya ramli. Mganga akimtaja jirani, shangazi au bibi kizee kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa, ukoo huvunjika, na mara nyingine damu humwagika. Vikongwe wameuawa. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama. Ilipofika Januari 2015 Serikali yenyewe ilipiga marufuku ramli chonganishi. Tiba inayompa mgonjwa usingizi kwa kumnyang'anya jirani uhai haiwezi kuitwa tiba.

La tatu ni maono. Wapo wanaotangaza kwamba dawa za saikedeliki humpeleka mtu moja kwa moja mbele za Mungu. Katekisimu (na. 2291) inafundisha kwamba matumizi ya dawa za kulevya ni kosa kubwa isipokuwa kwa sababu za tiba tu. Neno hilo, tiba tu, lina uzito pande zote mbili. Halifungi mlango kwa daktari ambaye siku moja, baada ya utafiti wa kweli na kwa idhini ya sheria, atampa mgonjwa wa sonona dawa iliyotokana na uyoga. Lakini halimpi ruhusa mtu mzima wa afya kununua maono. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, aliyeujua mno usiku wa roho, aliwaonya hata watawa wasitamani maono, kwa kuwa imani huenda gizani ikimshika Mungu mkono. Neema haichemshwi chunguni. Huja kama zawadi, na hupimwa kwa matunda: upendo, uvumilivu, msamaha, uaminifu katika wajibu wa kila siku.

La nne ni mkono wa jirani: kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, kuiita familia, kutaja uchungu kwa jina lake, kumrudisha mtu katika jamii yake. Hili halina uchawi ndani yake. Ni la Injili kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Querida Amazonia wa mwaka 2020 (na. 78), aliasa kwamba tusiharakishe kuziita ushirikina baadhi ya desturi za kidini zinazochipuka katika maisha ya watu. Kazi yetu ni kuichuja ngano kutoka katika makapi, na sehemu kubwa ya ngano iko hapa.

Basi, sayansi imethibitisha nini? Haijathibitisha ramli. Haijathibitisha mizimu. Inachunguza baadhi ya mimea kwa tahadhari, na imegundua tena thamani ya jambo la nne. Anayesema kwamba mganga ameshinda kesi yote hajasoma hukumu hadi mwisho.

Na tusisahau kwamba mkono huo huo unaweza kudhulumu. Katika jaribio moja la MDMA nchini Canada, mgonjwa alidhulumiwa na watabibu waliopaswa kumlinda akiwa hajiwezi. Wako pia waganga wanaowadhulumu wanawake kwa kisingizio cha tiba. Mtu aliyefunguliwa fahamu ni kama nyumba isiyo na mlango. Ndiyo maana sheria, usimamizi na uwazi si adui wa tiba yoyote, iwe ya jadi au ya kisasa.

Mfano wa Mahenge

Mkoa wetu wa Morogoro una mfano unaofundisha kuliko hoja nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliwakuta katika nchi ya Wapogoro, huko Mahenge, watu wengi wenye kifafa. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Sababu ilikuwa ya kuhuzunisha: jamii iliamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate na povu, hivyo mgonjwa alipoanguka motoni watu waliogopa kumgusa na kumvuta. Walilishwa peke yao, walilala peke yao, na waliishi kwa aibu.

Daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa. Aliwapa dawa za hospitali zinazozuia degedege, na dawa hizo zilifanya kazi. Lakini aliwagusa pia. Alikaa nao, alizisikiliza simulizi zao, na alijifunza jinsi Wapogoro walivyouelewa ugonjwa huo badala ya kuwacheka. Bila dawa, huruma yake isingezuia kuanguka kwao. Bila mkono wake, dawa ingewaacha wakiwa wazima nje ya uzio wa jamii.

Hivyo ndivyo Injili inavyosimulia. Katika Mathayo sura ya 17 baba anapiga magoti mbele ya Bwana kwa ajili ya mwanawe mwenye kifafa, anayeanguka mara kwa mara motoni na majini. Yesu hamfukuzi, wala haulizi nani amemroga. Anasema aletwe kwake.

Haki kwa wenye misitu

Yapo pia madai ya haki. Ibogaini ilitengwa kutoka katika iboga mwaka 1901. Katika karne ya 20 iliuzwa Ufaransa kama dawa ya kuchangamsha mwili kwa jina la Lambarène, mji wa Gabon. Na mwaka 1985 ilitolewa Marekani hataza, yaani haki ya kisheria ya umiliki wa uvumbuzi, juu ya matumizi yake dhidi ya uraibu wa heroini. Vijiji vya Gabon havikupata chochote katika hatua hizo zote. Mahitaji ya nje yalipopanda, iboga ikaanza kuvunwa kwa wizi msituni, hata mwaka 2019 Gabon ikasimamisha usafirishaji wake. Mwaka 2023 ndipo shehena ya kwanza ya halali ilipotoka, kwa utaratibu wa Itifaki ya Nagoya unaotaka wenye maarifa wapate sehemu ya faida.

Sisi wa Milima ya Tao la Mashariki tunaifahamu hadithi hii. Ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani, jamii ya Saintpaulia, lina asili yake katika Usambara na Uluguru. Lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na biashara yake ikastawi duniani kote, milima ilikotoka ikiendelea kukatwa miti. Mei 2024 mataifa yalipitisha mjini Geneva mkataba unaomtaka anayeomba hataza aeleze mmea na maarifa ya jadi aliyoyatumia vimetoka wapi. Ni hatua njema. Lakini mkataba haulindi msitu uliokwisha kuchomwa. Mzee wa Matombo au Kinole anayejua majina ya miti na kazi zake ni maktaba, na kuutunza msitu wa Uluguru, unaotupatia maji ya mto Ngerengere, ni sehemu ya kuutunza uhai.

Wajibu wetu

Je, tufanye nini? Kwanza, tusijaribu. Hakuna muumini anayepaswa kutafuta dawa hizi mitandaoni au vichochoroni, wala kuugeuza utafiti wa Stanford kuwa kibali cha kuvuta bangi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inabaki pale pale. Wala asiwepo atakayeacha dawa za kifafa, za akili au za UKIMWI kwa sababu ya kikombe, mafuta ya upako au ahadi ya mtu yeyote, awe mganga au mhubiri.

Pili, tuondoe aibu. Sonona si ukosefu wa imani, na anayesikia sauti si lazima ana pepo. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, na asindikizwe. Wakati huo huo asinyimwe sakramenti. Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, anaouzungumzia Mtume Yakobo katika sura ya 5, haushindani na daktari, na kitubio kimewaponya wengi waliokuwa wakitafuta mahali pa kutua mzigo.

Tatu, tujichunguze. Mganga humpa mtu muda. Humwuliza habari za ndoa yake, za mashamba, za ndoto zake, za marehemu wake. Zahanati yenye foleni ndefu humpa dakika chache. Na sisi je? Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, katika miaka ya 1973 na 1976 walichagua Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa njia ya kulijenga Kanisa mashinani. Walikusudia kwamba Kanisa liwe na nyumba karibu na kila mlango. Iwapo jumuiya imebaki kuwa mahali pa kusoma majina ya wasiotoa zaka na kupanga michango, mwenye uchungu atatafuta mlango mwingine usiku, na mlango huo anaujua. Jumuiya yenye watu wawili waliofundishwa kusikiliza bila kusambaza maneno, inayomtembelea mgonjwa wa akili kama inavyomtembelea aliyevunjika mguu, inayompatanisha na ndugu zake bila kumtafuta mchawi, itakuwa imefanya kile ambacho ramli huahidi na haiwezi kukitimiza.

Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Hatutampokonya mganga wa ramli waamini wetu kwa matangazo makali ya Dominika. Watarudi watakapokuwa na mahali pa kusema.

Msamaria mwema alimimina mafuta na divai katika majeraha ya mtu aliyeporwa. Hizo zilikuwa dawa za wakati ule, na alizitumia bila kusita. Kisha akamweka juu ya mnyama wake, akamlaza katika nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule, akalipa gharama, na akaahidi kurudi. Kuhani na Mlawi walipita upande wa pili wa barabara. Labda nao walijua mafuta na divai hufanya kazi gani.